Ndege Niliyoipima kwa Rula

Jumatatu, 1 Juni

Binti yangu anakuja! Miaka minne hajaingia katika nyumba hii. Anakuja na mjukuu wangu, mtoto wa kike wa miaka mitatu, ambaye mpaka leo nimemwona kwenye simu tu, tena mara nyingi naonyeshwa paji la uso peke yake. Mume wa binti anabaki huko huko ng'ambo kazini. Watakaa nasi wiki mbili.

Simu ililia asubuhi nikiwa na povu la sabuni kidevuni. Binti alisema wanapanda ndege Jumamosi saa nne usiku, ndege moja, haitui popote njiani. Kisha akasema maneno haya, nayaandika kama alivyoyatamka:

"Baba, nimemwambia mtoto, tukitoka tu kwenye ule mlango wa uwanja, mtu wa kwanza utakayemwona ni babu."

Sikuwahi kuuliza babu yupi. Mtoto alibonyeza kitu, simu ikakatika.

Maana mtoto huyu ana babu wawili. Wa kwanza ni mimi. (Najiandika wa kwanza kwa kuwa shajara ni yangu.) Wa pili ni baba wa mkwe wangu, ambaye anauza magodoro na watu wote humwita Magodoro, hata mkewe. Mtu mkubwa, mwenye kicheko cha kutikisa vikombe. Siku ya harusi alikalia kiti nilichowekewa mimi, nikaishia kukaa ubavuni mwa spika. Sikio la kushoto halijapona. Mtoto alipozaliwa, ni yeye aliyenipigia simu alfajiri kunipa habari za mjukuu wangu mwenyewe. Alisema, "Mkwe, umelala?" Mtu anayeuza magodoro ananiuliza mimi kama nimelala!

Safari hii hapana. Mtoto atanikuta mimi mlangoni.

Binti alikuwa ameahidi kutuma saa ya kufika akishaitazama tiketi. Nilimwandikia asijisumbue. Nimefundisha jiografia miaka thelathini na moja. Mtu wa ramani haulizi, anapima. Mke wangu alisema kuuliza hakuna ushuru. Nilijifanya sikusikia, nikalielekeza kwake sikio lile la spika.

Jumatano, 3 Juni

Leo nimepima.

Ramani ya dunia iko ukutani sebuleni, ile niliyopewa na shule siku ya kustaafu. Mke wangu alikuwa ametundika kalenda juu ya bahari. Niliitoa. Nikapanda kigoda, nikaweka ncha moja ya rula kwenye uwanja wao na ncha nyingine kwenye uwanja wetu. Rula haikufika. Nikaunganisha rula na ubapa wa mwiko. Nikazidisha kwa kipimo cha ramani: kilomita elfu kumi na tano na mia tatu. Ndege kubwa hukata kilomita mia tisa kwa saa. Gawanya. Saa kumi na saba kamili, bila baki! Hesabu isiyo na baki hunipa raha mpaka leo.

Saa nne usiku ya Jumamosi, ongeza kumi na saba. Saa tisa alasiri, Jumapili. Nikaandika kwa penseli pembeni mwa ramani, herufi ndogo.

Nilikuwa bado juu ya kigoda Magodoro alipopiga simu. Alisema amesikia wajukuu wanakuja (mjukuu ni mmoja, lakini yeye hupenda jumla), akaomba nimwambie ndege inafika saa ngapi, kwa kuwa mimi ndiye mwenye kichwa cha mambo hayo.

Hapa ndipo aibu inapoanza. Nilifungua kinywa niseme saa tisa alasiri. Ikatoka saa mbili usiku. Sikuipanga. Iliteleza yenyewe, laini, kama imekuwa ikingoja nyuma ya meno.

Magodoro alinishukuru. Alisema angekuwa na kichwa changu asingeuza magodoro. Alisema atawachukua wake zetu wote kwa gari lake, na mimi nikae mbele. Nilijibu kwamba mimi nitakwenda kivyangu, napenda upepo wa basi. Akasema, "Sawa, mkwe, wewe ndiye mwalimu."

Ikabidi nimdanganye na mke wangu, maana yeye na mke wa Magodoro huzungumza kila siku, na jambo likiingia kwa mmoja limekwisha kutoka kwa mwingine. Naye nikamwambia saa mbili usiku. Alinitazama nilivyosimama juu ya kigoda na mwiko mkononi, akasema ameona, akaenda zake jikoni bila mwiko.



Jumamosi, 6 Juni

Mambo yamenoga na kuharibika.

Nilihitaji sababu ya kutoka kesho mchana nikiwa nimevaa suti. Nikasema nakwenda kumtazama yule aliyekuwa mwalimu wangu mkuu, kwamba anaumwa. Nilidhani nimemaliza. Nilimsahau mke wangu ni mtu wa namna gani. Alishika mashavu kwa huruma, akauliza anaumwa nini. Nikasema kifua. Akasema basi atampikia supu. Nikasema asisumbuke. Akasema mtu mgonjwa hatembelewi mikono mitupu, akatoa chupa kubwa ya chai, ile ya maua mekundu, akaisuuza.

Kwa hiyo kesho nakwenda uwanja wa ndege na chupa ya supu.

Nimepiga pasi suti mwenyewe. Nimefanya mazoezi ya kuchuchumaa na kufungua mikono, mbele ya kioo cha kabati. Kuchuchumaa naweza. Kusimama tena kunahitaji mlango wa kabati.

Sasa hivi ni saa tatu usiku. Saa moja tu imebaki wapande ndege. Binti wakati huu atakuwa anamfunga mtoto viatu. Nikimfikiria hivyo najisikia vizuri, halafu namkumbuka Magodoro akinishukuru, najisikia vibaya.

Jumapili, 7 Juni

Nitaeleza kwa mpangilio, nikiweza.

Nilifika uwanjani saa nane mchana. Suti, viatu vya kung'aa, supu. Miwani niliisahau katika shati la asubuhi, nilivyokuwa natoka kwa kunyata. Ubao wa kuonyesha ndege zinazofika ulikuwa juu, mbali, mimi nikaona michirizi ya mwanga tu. Haikunishtua. Hesabu yangu haikuhitaji ubao.

Saa tisa. Mlango ukafunguka, wakatoka watu. Nikachuchumaa, nikafungua mikono. Wakanipita. Bibi mmoja alinionea huruma akanipa sarafu. Niliipokea kwa sababu sikuweza kusimama haraka.

Saa tisa na nusu. Hakuna kitu. Saa kumi. Hakuna kitu. Nikakaa kwenye benchi, supu mapajani, nikaanza kupitia hesabu upya kichwani. Na ndipo lilipokuja. Lilinishuka kama maji ya baridi mgongoni. Ramani yangu ni bapa! Dunia ni mviringo! Ukiilaza dunia ukutani, sehemu za kaskazini hunyooshwa kama unga wa chapati, na mstari wa rula unakuwa mrefu kuliko njia ya kweli. Sentensi hiyo nimeiandika ubaoni kila mwaka kwa miaka thelathini na moja. Nimewachapa watoto kwa ajili ya sentensi hiyo.

Nikarekebisha palepale kwa vidole. Njia ya kweli, kilomita elfu kumi na mbili na kitu. Saa kumi na nne, siyo kumi na saba. Saa nne usiku ongeza kumi na nne: saa sita mchana!

Yaani walifika saa sita. Wakati mimi napiga mswaki mara ya pili. Walitoka mlangoni, hakukuwa na babu yeyote, wakaondoka.

Nilimshika kijana wa kusukuma mizigo, nikamuuliza kama saa sita alimwona mwanamke ametoka na mtoto mdogo wa kike. Alijibu kwamba wametoka wengi, mzee, tangu asubuhi wanatoka tu. Nikachukua hilo kuwa ushahidi.

Na wangekwenda wapi? Nyumbani hawakuja, mke wangu angenipigia simu. Jibu likajitokeza lenyewe, limevaa sura ya Magodoro. Alikuwa ameijua saa ya kweli! Alinichimba tu, akanyamaza, akaenda saa sita kuwachukua na gari lake. Nilishikwa na hasira safi kabisa, ile ya mtu aliyedhulumiwa. Kwamba mimi ndiye niliyemdanganya kwanza, sikulikumbuka hata kidogo. Nalikumbuka sasa.

Nyumbani kwa Magodoro, saa kumi na moja. Mlangoni pana viatu vidogo vyekundu vya mtoto! Sikubisha hodi. Nilimkuta amelala sebuleni juu ya magodoro matatu, fulana imepanda juu ya tumbo. Nikasimama juu yake na chupa ya supu.

Nikasema, "Mtoto yuko wapi?"

Akafumbua jicho moja. "Mtoto gani tena, mkwe?"

Nikatazama nyuma ya pazia. Nikafungua chumba cha stoo, nikakuta magodoro. Mke wake alitoka uani, nyuma yake mtoto wa jirani, mwenye viatu, akila andazi. Nikamwambia Magodoro mbele yao wote kwamba najua alichofanya, kwamba damu ya mtu haiibwi, kwamba harusini nilinyamaza lakini leo sinyamazi.

Aliketi. Akajikuna. Hakukasirika, na hilo ndilo linaloniunguza. Alinitazama kwa wasiwasi, kama mtu anayemtazama mzee wake aliyepotea njia.

"Lakini si ulisema mwenyewe saa mbili usiku?"

Ningesema nini? Nilisema nimekuja kumkumbusha atazame upepo wa matairi.

Alinishukuru! Akasema twende wote, kuna nafasi, mke wangu wanampitia saa kumi na mbili na nusu. Nikaondoka kinyumenyume. Sikuweza kukaa katika gari la mtu niliyemtukana, kwenda kungoja ndege ambayo mimi peke yangu nilijua imekwisha kufika. Barabarani ndipo nilipopata wazo baya kuliko yote: kama hawapo kwetu na hawapo kwa Magodoro, basi wamepotea. Mwanamke na mtoto, miaka minne hajaiona nchi, wamepanda teksi ya mtu asiyejulikana.

Kituo cha polisi, saa moja kasoro. Nilingoja foleni nyuma ya watu wawili waliogombana juu ya jogoo. Askari wa kaunta alinihoji polepole. Nguo alizovaa? Sijui. Mzigo? Sijui. Namba ya ndege? Sijui. Picha ya mtoto? Nikamwonyesha simu: paji la uso. Akaniuliza sasa mimi nimejuaje kwamba walifika. Nikamweleza habari za ramani bapa, na mviringo wa dunia, na kilomita mia tisa kwa saa. Aliweka kalamu chini. Akaniuliza ndani ya hiyo chupa mna nini.

Supu ilikuwa bado ya moto. Mke wangu hununua chupa nzuri. Askari aliinywa yote, akasema kesi yangu ataifuatilia.

Simu ililia saa tatu kasorobo. Binti yangu. Nyuma ya sauti yake kicheko cha Magodoro, na sauti ya mke wangu, na magurudumu ya mizigo.

Alisema wametua saa mbili kamili. Alisema kila mtu yupo isipokuwa mimi. Alisema Magodoro anamtangazia kila anayepita kwamba mwalimu alipiga hesabu kutoka sebuleni kwake na hakukosea hata dakika. Akauliza niko wapi. Akasema, si kwa kulalamika, kwamba mtoto amechangamka, hana habari ya kulala, maana kwake yeye sasa ndiyo kwanza mchana.

Kwake mchana. Kwangu usiku.

Saa nne usiku ilikuwa ya kwao! Jua halitoki kwao na kwetu kwa wakati mmoja. Somo la kidato cha kwanza. Wao wako nyuma yetu kwa saa nane. Saa nane zile nilizisahau kama nilivyoisahau miwani, na uongo nilioubuni kwa ajili ya Magodoro, kwa kuteleza kwa ulimi, ulikuwa ndio ukweli mtupu.

Nilimwambia binti niko kwa mgonjwa. Askari alisikia. Akafunga kitabu chake kikubwa taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha maiti, akanirudishia chupa tupu.

Jumatatu, 8 Juni

Nimemwona mtoto. Ni mzuri kuliko paji lake la uso.

Jana nilipoingia nyumbani alikuwa amekaa kwenye paja la Magodoro, ameshika sikio lake kama usukani. Binti akamwambia amsalimie babu. Mtoto akasema babu ni huyu. Akalivuta sikio kuthibitisha. Binti akasema na huyu pia ni babu. Mtoto alinitazama kuanzia viatu, akapima, akaamua.

"Huyu Babu Mwingine."

Watu wote wakacheka. Magodoro alicheka vikombe vikagongana. Sasa ndilo jina langu. Babu ni Magodoro. Mimi ni Babu Mwingine.

Leo walikuja jirani na jamaa kuwaona wageni. Magodoro alisimama, nadhani kwa hotuba, na hotuba ilinihusu mimi. Alisema kuna watu wanasoma na kuna watu wanasoma wakaelewa. Alisimulia kwamba jana, pamoja na mimi kuwa na shughuli ya mgonjwa, nilifika mpaka kwake kumkumbusha matairi, na alipotazama, kweli, tairi moja la nyuma lilikuwa limepungua upepo. Wakanipigia makofi. Nilitazama zulia. Nalijua zulia lile sasa uzi kwa uzi.

Kisha mlango ukagongwa, akaingia aliyekuwa mwalimu wangu mkuu. Mzima. Kifua mbele. Alikuja kwa miguu, tena mlima wote ule, kumsalimia binti yangu, mwanafunzi wake wa zamani. Mke wangu alimtazama. Akanitazama. Akamuuliza kwa upole kama supu ilimfaa. Yule bwana akauliza supu gani.

Mke wangu alikwenda kwenye ramani, akaisogelea, akasoma pembeni yale maandishi ya penseli. Alisoma kwa muda mrefu kuliko urefu wa maandishi. Kisha akaitundika kalenda yake mahali pake, juu ya bahari, akaenda kumimina chai.

Alikuja kuniambia jikoni, nikiwa nimejificha nyuma ya mlango wa jokofu.

"Ulitaka kutudanganya, ukatuambia kweli. Ukajidanganya mwenyewe."

Angefoka ningepata pa kujitetea.

Jumanne, 9 Juni

Asubuhi nilikuwa na binti yangu uani, tunaanua nguo ndogo ndogo za mtoto. Nilitaka kumwambia yote. Nilianza kwa mbali, nikamuuliza aliposema babu atakuwa mlangoni alikuwa na maana ya babu yupi.

Alishangaa hata nikauliza. Akaendelea kukunja soksi.

"Nilikuwa nakusema wewe, baba. Tangu wiki mbili nyuma namwonyesha picha yako. Ungekuja tu, saa yoyote, angekukimbilia."

Alisema alipotoka mlangoni mtoto alimkimbilia mwanamume wa kwanza aliyefungua mikono. Hakutaka kumvunja moyo.

Nimeandika hayo na kuyasoma tena. Sikuhitaji rula, wala uongo. Nilihitaji kukaa mbele katika gari la Magodoro, basi.

Sikumwambia yote. Nilisema nguo hizi zimekauka vizuri.

Alhamisi, 11 Juni

Nimepiga moyo konde. Nilikwenda dukani kwa Magodoro kuungama. Maneno nilikuwa nimeyapanga njiani: mkwe, nilikudanganya, mkwe, nilikushuku, mkwe, nisamehe. Safi, mafupi, hayana pembe.

Nilimkuta amejinyoosha juu ya kaunta, mkono kiunoni. Mgongo wake umeharibika kwa kubeba magodoro ya watu, daktari amemkataza kukaa sana kitako. Nilisema, "Mkwe, kuna jambo." Akasema na yeye kuna jambo, nimwachie atangulie. Akaniongoza mpaka nyuma, akaniwekea mkono begani, akanionyesha godoro jipya, nene, limefungwa kwa plastiki. Akasema ni langu. Kwamba bila mimi angelala akakosa kumpokea mjukuu wake, na yeye hajui kushukuru kwa maneno, anajua kwa magodoro.

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kuungama. Mahali penyewe hasa.

Nilisema ahsante.

Lilibebwa mpaka nyumbani juu ya gari lake. Nimelala juu yake mchana huu, kwa kujaribu tu. Nilichapa usingizi saa tatu bila kugeuka. Hakuna kinachoniumiza kama usingizi ule.

Jumamosi, 13 Juni

Habari mpya. Mkwe wangu amepiga simu kutoka huko. Anaona mkewe hataweza peke yake kurudi na mtoto na mizigo. Amepata nafasi moja ya ziada kwenye ndege ile ile, Jumapili ya tarehe 21. Aje babu mmoja, akae nao mwezi, apumzike. Amesema wazee wenyewe waelewane.

Nafasi moja. Mababu wawili.

Mtoto aliulizwa anamtaka nani. Alisema Babu. Nilingoja amalizie. Hakumalizia.

Nimeapa hapa, kwa wino, sitafanya hila. Nimejifunza. Nitakaa kimya, na atakayechaguliwa aende kwa amani.

Jumapili, 14 Juni

Nimegundua jambo!

Safari hii sikugusa ramani. Nimesoma tiketi yenyewe, nikiwa na miwani, kwenye mwanga. Ndege inaondoka kwetu saa nne asubuhi. Inafika kwao saa kumi alasiri, siku ile ile. Imeandikwa, kila mtu anaweza kuona. Toa. Saa sita!

Saa sita tu! Kuja walitumia kumi na nne. Nilishangaa kidogo, kisha nikaelewa, na nimeona fahari kuelewa bila kuuliza mtu. Dunia inazunguka kuelekea mashariki. Ndege ikija kwetu, uwanja wetu unaikimbia, ndiyo maana inachoka. Ikirudi kwao, inaelekea magharibi, na uwanja wao unakuja wenyewe kuipokea. Ni kama mteremko. Kuhusu zile saa nane za jua, nimezifikiria pia, sitanaswa mara mbili. Zilikwisha kutumika wakati wa kuja.

Mchana Magodoro alikuja kuzungumzia ile nafasi. Alisema hamu anayo, sana, lakini mgongo. Akaniuliza, kwa kuwa mimi ndiye mtaalamu, mtu anakaa kitini huko angani kwa muda gani.

Ningeweza kumwambia. Kinywa nilikifungua kabisa niseme sita. Nikasema kumi na nne, kama walivyokuja.

Alishika kiuno. Akamtazama mtoto aliyekuwa anaburuza kiatu chake kikubwa sakafuni. Kisha akasema basi niende mimi, wala hana kinyongo, na mtoto atakuwa katika mikono salama, mikono ya mtu anayejua dunia ilivyo. Binti alinikumbatia. Mke wangu alinitazama kwa muda, akatazama kalenda iliyo juu ya bahari, akaniuliza kama nina hakika na hizo saa. Nikamwambia mtu wa ramani haulizi.

Naona haya kwa Magodoro, sikatai. Nitamwandikia barua ya kuungama nikishafika huko, kwa utulivu.

Mke wangu ameniwekea mto wa shingo, dawa ya kuchua magoti na soksi nzito. Nimezitoa zote kwenye begi. Saa sita mtu hukaa hata kwa kinyozi. Mahali pake nimetia rula.